Magari Mawili ya Mzee Hamad na Hesabu Niliyoirudisha Vibaya

Neema ndiye aliyeniomba niandike haya. Neema amerithi kiti changu pale ofisini Wembley, na anasema kiti bado kina shimo lenye umbo langu. "Mzee Haji," aliniambia, "andika hata kurasa chache tu. Hawa wapya wanadhani kazi yetu ni kubonyeza kompyuta." Nikamwambia sina la kuandika. Akasema sawa kwa adabu, kisha akanipigia simu kila asubuhi kwa wiki nzima kuniuliza kama nimepata. Basi naandika, nimekaa jikoni kwangu Thornton Heath, miguu imo ndani ya sapatu za manyoya. Hapa ndipo ningependa kufanyia kazi miaka yote ishirini na tisa, kama wangenikubalia.

Sitasema nilipanda cheo lini. Vyeo vilikuwa viwili, na cha pili nilipewa kwa sababu mwenye nacho alihamia kwa mwanawe Kanada. Mshahara nao tuuache, mke wangu anaweza kusoma haya akacheka.

Kwa asiyejua kazi yetu: sisi ni wathamini. Gari likigongwa, kampuni ya bima inataka kujua lilikuwa na thamani gani asubuhi ile kabla ya kugongwa. Mkahawa ukifungwa, mtu anataka kujua oveni lake la mwaka juzi litauzwaje leo. Watu wakiachana, wakigawana, wakirithiana, wanatuita. Kitu kimoja, siku moja, bei moja ya haki. Inasikika kama kazi ya kukaa. Ndivyo nilivyodhani mie.

Siku ya kwanza nilikwenda na tai shingoni. Nilikuwa na cheti cha skuli ya sekondari cha Wete, Pemba, na tai niliyoazimwa na jirani. Mimi ni mtu wa nyumbani; marehemu mama alikuwa akisema nikitumwa dukani naaga kama niendaye Hija. Mwenye ofisi, Bwana Mansukh, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akanipa tochi, akaniambia niingie chini ya gari la kubebea mikate lililokuwa limeegeshwa uani.

"Na tai?" nikamuuliza.

"Tai nayo iingie," akasema. "Itajifunza."

Bwana Mansukh alizaliwa Unguja, baba yake akiuza vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha. Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Alinipa vifaa vinne ambavyo Neema atavikuta kwenye mtoto wa meza wa chini: tochi, kipimo cha kina cha tairi, kioo chenye mpini mrefu, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Sumaku ukiipitisha kwenye bodi ya gari inashika. Ikiacha kushika, hapo chini ya rangi si bati tena, ni lipu, na gari hilo lina historia ambayo mwenyewe hakukuhadithia. Tena tazama mpira wa kanyagio la breki. Kama umelika mpaka chuma kinang'aa, na mita inasema gari limetembea kidogo, basi mita inasema uongo. Mguu haujui kusema uongo.

Nikatoka chini ya gari la mikate, tai imekuwa tambara, nikaandika ripoti yangu ya kwanza. Gari lilinunuliwa kwa pauni elfu kumi. Nilijua kwamba mwaka wa kwanza lilipoteza elfu mbili. Mie na cheti changu tukafikiri: kila mwaka elfu mbili, gari lina miaka sita. Nikatoa, nikatoa, mwaka wa tano nikafika sifuri. Bado mwaka mmoja. Nikatoa tena, kwa sababu mwalimu wangu wa hesabu Wete hakupenda kazi ya nusu. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: thamani ya gari, pauni elfu mbili chini ya sifuri.

Bwana Mansukh aliisoma mara mbili.

"Haji, ndugu yangu. Mwenye gari akija nimwambie atukabidhi funguo na elfu mbili juu yake, na ahsante kwa kutuletea?"

"Hesabu ndivyo isemavyo, bwana."

"Hesabu haijasema kitu. Wewe ndiye uliyesema. Hesabu imeona haya, imenyamaza."

Akafungua kabati, akatoa kikapu kidogo cha halua aliyoletewa na mgeni kutoka nyumbani. Akaigawa kwa kisu mafungu matano, akala moja. "Leo nimekula moja ya tano. Kesho nitakula tena moja ya tano. Ya nini?"

"Ya halua."

"Ya halua ipi? Ya leo asubuhi, au ya iliyobaki?"

Nikafahamu. Kesho atakula moja ya tano ya iliyobaki, fungu dogo kuliko la leo. Keshokutwa dogo zaidi. Halua itapungua na kupungua, lakini haimaliziki, na kamwe hutafika siku ya kudaiwa halua. Gari nalo ndivyo lilivyo. Halipotezi pauni zilezile kila mwaka. Linapoteza sehemu ileile ya kile kilichobaki. Elfu kumi inakuwa elfu nane, elfu nane inakuwa elfu sita na mia nne, na kuendelea. Kwa mkato unaandika bei ya mwanzo, mara nukta nane (yaani ile nne ya tano inayobaki), na juu ya nukta nane unaweka kile kinamba kidogo cha kipeo, idadi ya miaka, kinachokwambia uzidishe mara ngapi. Gari la mikate kwa miaka sita lilitoka elfu mbili na mia sita na kitu, na ndiyo bei liliyouzwa, pungufu kidogo tu. (Nyumbani kwangu halua haifuati kanuni hii. Siku ya pili hakuna.)

Miaka iliyofuata nilijifunza kwamba kanuni ni ileile kwa vitu vinavyopanda. Tofauti ni namba moja tu, hiyo inayozidishwa. Ikiwa chini ya moja, kitu kinashuka. Ikiwa juu ya moja, kinapanda, polepole mwanzoni mpaka unakisahau, halafu siku moja kinakushitua. Ikiwa moja kamili, hilo ni kabati la mama mkwe wangu, ambalo hakuna mtu anayelitaka na hakuna anayethubutu kulitupa. Lakini namba yenyewe haitoki kwenye kanuni. Inatoka sokoni. Lazima uende ukatazame magari ya aina ile yameuzwa vipi mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi, na hilo maana yake ni kutoka nje. Nimetazama magari kwenye mvua ya Croydon, kwenye theluji ya Barnet, na mara moja juu ya paa la maegesho ambako upepo ulichukua ripoti, kofia, na sehemu ya heshima yangu. Kila mara nikiwaza jiko langu.

Bwana Mansukh alikuwa na amri moja tu, aliyoiandika kwenye kadi na kuigandisha juu ya meza: Ukirudi, nenda tena. Maana yake hii. Mara nyingine tunaulizwa thamani ya zamani, si ya leo, kwa hiyo tunaanza na bei ya leo na kurudi nyuma mwaka hadi mwaka. Ukishapata jibu la zamani, usiinuke. Lishike jibu hilo, literemshe tena kwa miaka ileile mpaka leo. Usipofika pale ulipoanzia, umepotea njia. Alinifanya niape. Niliapa, na kwa miaka ishirini na minane nilitimiza.

Sasa nifike kwenye kesi ya mwaka wangu wa mwisho, ambayo Neema ananitania nayo mpaka leo.

Alipiga simu Bi Asha, mjane wa Mzee Hamad, Wapemba wenzangu, anakaa Wembley nyuma ya kituo cha treni. Sauti yake ni ya mtu aliyelea watoto kwenye nyumba yenye kuta nyembamba. "Nataka mthamini," alisema. "Si wa kunipoza. Wa kusema kweli."

Mambo yalikuwa hivi. Miaka minane nyuma, Mzee Hamad, hali akiwa hai na ana afya yake, aliwapa wanawe wawili hiba. Suleiman, mkubwa, dereva wa minikebu, zile teksi za kuitwa kwa simu, alipewa gari la viti saba, rangi ya fedha, ambalo mzee alilinunua kwa rafiki yake. Khamis, mdogo, fundi wa mabomba kwenye hospitali, alipewa gari dogo jekundu la Kiingereza, la zamani kuliko wao wote wawili, ambalo mzee alikuwa akilipenda. Aliwaambia thamani ni moja, maana kwetu mzazi akiwapa wanawe hiba hutakiwa awe sawa baina yao, na Mzee Hamad alikuwa mtu wa kuogopa dhulma hata kwenye kugawa ndizi. Miaka sita baadaye akafariki, Mungu amrehemu.

Mwaka ule Bi Asha aliponipigia, gari la fedha lilikuwa limepitwa na umri, kibali cha minikebu kikalikataa, na Suleiman akawa anakodi gari la watu. Alipolipeleka la kwake kuliuza akaambiwa pauni elfu moja na mia tano. Wiki ileile, mtu alimsimamisha Khamis kwenye taa za barabarani akamwambia atampa elfu kumi na tisa kwa lile jekundu, taslimu, hapohapo. Khamis, badala ya kunyamaza, akaenda kuwahadithia watu kwenye chai ya Ijumaa.

Suleiman alisubiri chai iishe. Alisema nyumbani kwa mama yake. Alisema baba alimpendelea Khamis, na alijua alichokuwa akifanya. Binti wa Suleiman, Mwanakheri, alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na mwenyewe alikuwa ameshamwomba ami yake ampeleke ukumbini kwa gari jekundu. Suleiman akasema gari lile halitafika kwenye harusi ya mwanawe, wala mwenye gari. Ndugu wawili wakawa hawasalimiani, na Bi Asha akawa kila usiku analala na swali moja: mume aliyeishi naye miaka arubaini na mitano alikuwa mwadilifu au la?

Nilikwenda Jumamosi. Niliyakagua magari yote mawili barabarani, wenyewe wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake wa njia. Kwa lile jekundu kazi ilikuwa nyepesi: Khamis alikuwa na karatasi ya gereji ya siku ya hiba, pauni elfu tisa, na magari ya kale ya aina ile, yanayowindwa na wapenzi wake, yalikuwa yakipanda sehemu moja ya kumi kila mwaka. Elfu tisa mara moja na nukta moja, kipeo cha nane, ni elfu kumi na tisa na mia tatu hivi. Mtu wa kwenye taa hakuwa mwizi. Lile la fedha halikuwa na karatasi. Mzee alinunua kwa mkono na mdomo, kama ilivyo kawaida ya watu wetu. Ilibidi nianze na bei ya leo, elfu moja na mia tano, nirudi nyuma miaka minane. Kwenye daftari zetu gari za aina ile hupoteza moja ya tano kila mwaka.

Na hapa sina budi kukiri. Saa yangu ilikuwa inasema treni yangu imebakiza dakika kumi na nane, siku ile kulikuwa na mpira na kituo kitajaa mashabiki, na mke wangu alikuwa amesema anapika samaki wa kupaka. Nikajiambia: likishuka hupoteza moja ya tano, basi nikirudi naliongezea moja ya tano. Mara moja na nukta mbili, kipeo cha nane. Kalkuleta ikatoa elfu sita na mia nne na hamsini. Kadi ya Bwana Mansukh ilikuwa ofisini, umbali wa dakika kumi, ikinitazama kwa jicho la mbali. Sikuliteremsha tena jibu.

Nikaingia ndani nikawaambia, wote watatu wamekaa, chai iko mezani. La jekundu, elfu tisa. La fedha, elfu sita na mia nne na hamsini.

"Si nilisema?" Suleiman akasema, lakini hakusema kwa furaha. Alisema kama mtu aliyeshinda kitu asichokitaka.

Khamis akatoa ufunguo mfukoni akauweka mezani, mbele ya kaka yake. "Chukua."

"Sitaki gari lako."

"Basi unataka nini?"

"Nataka kujua nilimkosea nini mzee."

Bi Asha alivua miwani. Akaanza kukusanya vikombe, na vyote vilikuwa bado vimejaa. Mie nikaaga. Treni niliiwahi.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa hapa nilipo sasa, nanakili hesabu kwenye faili. Mkono kwa mazoea ukafanya ulichoapa: ukateremka tena. Elfu sita mia nne na hamsini, mara nukta nane, mara nane. Ikatoka elfu moja na themanini na mbili. Nikafuta, nikarudia. Elfu moja na themanini na mbili. Nilianzia elfu moja na mia tano, si pale.

Mke wangu, Rukia, ni dereva wa basi. Siku ya mapumziko yake hunywa chai taratibu na hapendi kusemeshwa. Akanitazama. "Una nini? Umekuwa kama mtu aliyemeza msumari."

Nikamweleza. Akasema hakufahamu. Nikamwambia: chukua shela la pauni mia, muuza duka apunguze moja ya tano, linabaki la themanini. Sasa aongeze moja ya tano.

"Linarudi mia."

"Moja ya tano ya themanini ni ngapi?"

Akafikiri. "Kumi na sita. Tisini na sita." Akaweka kikombe chini. "Aa. Haikutosha kurudi."

"Ngazi ya kupandia siyo ile uliyoshukia. Ukishuka kwa kuzidisha, unapanda kwa kugawanya. Mie nilizidisha."

"Kwa hiyo," Rukia akasema polepole, "umemwambia mjane kwamba mumewe alikuwa dhalimu, kwa sababu ulitaka kuwahi treni."

"Na samaki."

"Usimtie samaki wangu. Vaa viatu."

Nikamwambia nitapiga simu, Bi Asha ana simu nzuri tu. Rukia alikuwa ameshasimama. "Kosa ulilipeleka kwa miguu, usahihisho uende kwa simu? Vaa viatu, Haji."

Tukaenda wote wawili, treni haikuwepo, basi juu ya basi kutoka kusini mpaka kaskazini ya mji, kwa siku yangu ya kukaa. Rukia alikaa kiti cha mbele akimhukumu kila dereva. "Huyu anafunga breki kama anaua nyoka." Mie nilikuwa na kalkuleta na karatasi ya miraba.

Bi Asha alifungua mlango. Nikamwambia hapohapo kizingitini, kabla miguu haijabadilisha nia. "Bi Asha, jana nilikosea. Si Mzee Hamad. Ni mimi."

Alimshika Rukia mkono akamwingiza ndani, kisha akachukua simu akawaita wanawe kwa sauti ambayo nadhani hata bila simu wangeisikia.

Walikuja. Nikachora. Mstari mmoja unashuka, mkali mwanzoni halafu unalegea kama mtu anayekaa kitini. Mwengine unapanda, umelala mwanzoni halafu unainuka. Leo imeachana kama mashariki na magharibi. Ukiifuata kurudi kushoto, mpaka siku ya hiba, inakutana. Elfu moja na mia tano ukiigawanya kwa nukta nane mara nane, unapata elfu nane, mia tisa na arubaini.

Suleiman alikunja mikono. "Jana elfu sita. Leo elfu nane mia tisa. Kesho, Ami Haji?"

Alikuwa na haki. Nikamsukumia kalkuleta. "Usiniamini mimi. Fanya wewe. Anzia elfu nane mia tisa na arubaini, mwaka mmoja mara nukta nane. Ukifika mwaka wa nane nambie uko wapi."

Akabonyeza kwa kidole gumba, mzito, kama anayesaini kitu. "Elfu saba mia moja na hamsini na mbili." Akaitazama namba. "Mwaka huo Mwanakheri aliingia sekondari." Akabonyeza tena. "Elfu tano mia saba. Mwaka wa giaboksi." Tena. "Elfu nne na nusu. Tulihama kwenye kile chumba chenye ukungu." Hatukumwambia ahesabu hivyo, lakini hakuna aliyemkataza. Mwaka wa sita ni wa msiba wa mzee, akavuta kalkuleta karibu kabla ya kubonyeza. Mwaka wa nane akageuza kalkuleta mama yake aione. Elfu moja, mia nne, tisini na tisa, na senti nyingi.

"Elfu moja na nusu," Bi Asha akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi alikuwa sawa."

Khamis, ambaye hajui kunyamaza, akaweka kidole kwenye karatasi yangu. "Lakini langu elfu tisa, la Kaka elfu nane mia tisa na arubaini. Pungufu sitini."

Nilifungua mdomo kueleza kwamba pauni sitini kwenye makadirio ya miaka minane ni vumbi, kwamba bei ya leo yenyewe imekadiriwa. Rukia akanikanyaga mguu.

Bi Asha alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Alijaza tangi," akasema. "Nilikuwa naye. Siku ile kabla ya kukupa ufunguo, Suleiman, alipita kituo cha mafuta akajaza mpaka juu. Nikamwambia, utalipa petroli ya mtu mzima? Akasema, la huyu ni pungufu kidogo, sitaki apungukiwe."

Hapo Suleiman alifunika uso wake kwa mikono yote miwili, na mabega yakawa yanatikisika, na ilituchukua muda kujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya vyote.

"Mie miaka yote nakuonea wivu," Khamis akamwambia. "Gari lako linakulisha. Langu nalilisha mimi. Gereji, mafuta maalumu, turubai. Sijawahi kulipeleka mahali likarudi bila kuniaibisha."

"Lioshe," Suleiman akasema, akijifuta. "Likija kwenye harusi ya mwanangu liwe limeoshwa."

Nilistaafu Ijumaa ya kabla ya harusi. Jumamosi, tukiwa nje ya nyumba ya Bi Asha, gari jekundu limeoshwa, limepakwa nta, limefungwa utepe, Mwanakheri yuko kiti cha nyuma na gauni lake limejaza gari zima, Khamis akawasha. Likakohoa. Akawasha tena. Hata halikukohoa. Mwanakheri akatoa kichwa dirishani akasema kwa Kiingereza chake cha Wembley kwamba ni sawa, atakwenda kwa miguu, na shoga zake wakapiga kelele kama ng'ombe amekanyagwa.

Suleiman akatoa ufunguo mfukoni. Alikwenda kuleta lile la fedha, ambalo halijauzwa, akalirudisha nyuma mpaka likawa kisogo kwa pua na jekundu. Bi Asha akaingia ndani, akarudi na kamba. Mafundo wakafunga ndugu wote wawili, wamepiga magoti barabarani na suti zao, wakizozana fundo lipi ndilo.

Mie na Bi Asha tulipanda la fedha, yeye nyuma, mie mbele. Tukaondoka mwendo wa bata. Ilikuwa siku ya mpira tena, barabara imejaa mashabiki wanaokwenda uwanjani, na walipoona bibi harusi anavutwa kwa kamba waliimba, wakapiga makofi, wengine wakasukuma. Mwanakheri akawapungia mkono kama ametawala nchi. Nyuma ya usukani wa jekundu Khamis alikuwa amekodoa macho, na Suleiman akimtazama kwenye kioo alikuwa anapiga kelele ambazo mwenzake hawezi kuzisikia: "Breki, Khamis! Breki, we mtoto!"

Kisha akanigeukia, uso umemetameta. "Ami Haji. Elfu moja na nusu inavuta elfu kumi na tisa. Hebu nambie sasa, gari hili leo bei gani?"

Nikaanza kutafuta kalkuleta mfukoni. Bi Asha akanipiga begani kutoka nyuma.

"Wewe Haji, achana na bei. Tazama kamba isikatike, ndiyo ninayoanikia nguo."